Maswali ya Wasomaji: Nimesoma vitabu, mbona moyo mkavu?

SWALI: Assalamu alaikum. Nimehitimu madrasa, nimesoma fikihi na tafsiri, na mtaani naitwa ustadhi. Lakini nikiswali, mawazo yako sokoni. Rafiki yangu wa tarika, yaani njia ya masufi, ananiambia niweke vitabu kando nishike zikri, kumtaja Mungu, ukweli nitauona mwenyewe moyoni. Je, ni kweli? Na nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaikumu salaam, ustadhi. Hali yako ilimkuta Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa, akiwa mwalimu wa Nidhamiya, chuo cha Baghdad. Alikwisha kusoma maandishi ya masufi na kuyaelewa, akaona kilichobaki hakisomeki, hupatikana kwa kuonja. Ulimi ukamfunga, akashindwa kudarsisha, na mwaka 1095 akaacha cheo akaenda Sham, upande wa Syria.

Katika kitabu chake Ihyaa anaufananisha moyo na hodhi, na elimu na maji. Maji huingia kwa mifereji mitano, yaani hisi, au huchimbwa sakafu mpaka yakabubujika kutoka chini. Njia yake ya kuchimba ni hii: kaa faragha, timiza faradhi na sunna zake, kisha sema “Allah, Allah” moyo ukiwepo. Endelea mpaka ulimi uache kusukumwa, neno likawa linajiendea lenyewe. Halafu ulimi unyamaze moyo uendelee. Mwisho herufi zifutike ibaki maana.

Lakini rafiki yako amekupa nusu ya habari. Ghazali huyo huyo anataja hoja ya wanazuoni: sufi wangapi walinasa kwenye dhana moja miaka 20, na lau wangeisoma elimu kwanza wangeitambua papo hapo? Kwa hiyo usiuze vitabu. Vitabu havikupi hali ya moyo, ila hukuonyesha iliyo bandia.

Anza na uradi mdogo, yaani zikri ya kila siku, baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi. Una udhu, umeelekea kibla, simu iko chumba kingine. Leta istighfari mara 100, kumswalia Mtume mara 100, na laa ilaaha illallah mara 100. Tasbihi ya punje 99 ukiizungusha mara moja, ongeza moja. Zote kwa utulivu huchukua kama dakika 20. Ukimaliza kwa dakika 7, umehesabu tu. Kwenye “laa ilaaha” ondoa unachokitegemea siku hiyo, kitaje kabisa moyoni: mshahara, sifa, hilo jina la ustadhi. Kwenye “illallah” tulia kidogo kabla ya kurudia. Hapo kwenye kutulia ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka.

Mawazo yatakuja. Usipigane nayo wala usianze hesabu upya, rudi kwenye tamko ulilofikia. Ukisinzia Alfajiri, punguza chakula cha usiku kabla hujapunguza uradi. Na usiongeze idadi kwa sababu jana ulilia. Anayekimbizana na machozi huanza kuyatengeneza.

Jihadhari zaidi na zikri ya kusimama yenye pumzi za haraka. Ukihema kwa kasi, mwili unatoa hewa ya kaboni kupita kiasi: kichwa chepesi, ganzi vidoleni na midomoni, pengine mwanga machoni. Huo si ufunuo. Kaa chini, punguza pumzi, itaondoka.

Kipimo chako kiwe nje ya kikao: hasira nyumbani, ulimi kwa aliyekukosea, mizani dukani. Ukiona nuru huku deni la watu hulipi, iache nuru ulipe deni. Junaid wa Baghdad, sufi aliyefariki mwaka 910, alisema wazi kwamba elimu ya masufi imefungwa na Kitabu na Sunna.

SWALI: Mimi sijui kusoma Kiarabu. Mlango huu umefungwa kwangu? Na lazima niwe na sheikh?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Haujafungwa, na mji wako ni shahidi. Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909) alipoieneza tarika ya Kadiria pwani, zikri ilikusanya watu ambao darsa za wanazuoni hazikuwa na nafasi yao. Sheikh Ramiya, aliyeiongoza Kadiria hapo Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 1931, aliletwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtumwa. Ila naye alisoma. Nawe rekebisha Alhamdu kwa mwalimu, herufi kwa herufi, na ujue maana ya kila unachokitamka.

Uradi tulioutaja hapo juu hauhitaji ruhusa ya mtu. Khalwa, yaani kujitenga peke yako, ya siku nyingi, au kulitaja jina moja la Mungu maelfu ya mara, usiingie bila sheikh mwenye ijaza, idhini ya kufundisha, anayekuona mara kwa mara, kwa sababu upweke, njaa na kukosa usingizi huleta sauti na picha, nawe peke yako huna wa kukuambia ni nini. Akidai pesa ili akupe siri, akikuambia umefika kwa Mungu hivyo huna tena wajibu wa kuswali, au akitaka faragha na wanawake, ondoka siku hiyo hiyo. Uradi wako endelea nao nyumbani.