Fomu isipokuja, kodi bado ipo

Mdogo wangu mmoja anayeishi Virginia kaniandikia kwa shangwe: “Dada, ile sheria ya dola 600 wameifuta! Mimi 20,000 sijafika, kwa hiyo mwaka huu sijazi kitu.” Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi mnaosherehekea naye.

Kufutwa, imefutwa. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilishusha kiwango: anayeuza kwenye masoko ya mtandaoni kama eBay, Etsy au Mercari akipitisha dola 600 kwa mwaka, soko limtumie fomu ya 1099-K, inayoonyesha pesa alizopokea kwa mauzo, na nakala iende IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Utekelezaji ukaahirishwa na kuahirishwa, mpaka Julai 2025 sheria mpya ikarudisha kiwango cha zamani: zaidi ya dola 20,000 na mauzo zaidi ya 200, yote mawili kwa pamoja. Ila hicho ni kipimo cha soko kutuma fomu. Wewe mwenye biashara, faida yako ikifika dola 400 unatakiwa kujaza ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka, fomu ije isije. Na Virginia, kama Maryland ninakoishi mimi, ina kiwango chake cha jimbo, nacho bado ni dola 600. Mdogo wangu, fomu yako iko njiani.

Mimi nauza mikoba ya vitenge na vikapu vya Iringa hapa Silver Spring. Tangu mkoba wa kwanza nina daftari, na nimechekwa sana kwa ajili yake. Shemeji yangu aliwahi kuuliza mbele ya wageni kama naandika na gundi ya bahasha. Naandika, shemeji. Gundi pia ni gharama.

Fomu ya kwanza ilipofika niliipeleka kwa jamaa mmoja anayejazia watu ritani. Akaitazama, akachukua ile namba kubwa iliyo juu na kuiandika yote kama faida yangu. Jamani! Fomu ile huonyesha mauzo ghafi. Mkoba nimeuza dola 60, mteja kaongeza 9 za posta, fomu inasema 69. Ada ya soko haijatolewa. Zile 9 nimeziacha dirishani posta. Hata mteja akirudisha mkoba na kurudishiwa pesa zake, fomu haipungui. Nikamfungulia daftari mezani, akaniambia, “Mama, hivyo ni vitu vidogo vidogo, utajichosha bure.” Vitu vidogo vidogo! Kitambaa, zipu, mashine, mafuta ya gari ya kupeleka mizigo!

Nikakusanya karatasi zangu nikaondoka. Schedule C, ile karatasi ya ritani ya mapato na gharama za biashara, nimeijaza mwenyewe, usiku, watoto wamelala, na kodi niliyolipa haikukaribia ile aliyonipigia yeye. Ofisi yake bado ipo, na kila msimu naona foleni ya watu wetu pale mlangoni. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo tunzeni risiti. Na mjue kwamba juu ya kodi ya mapato kuna ile ya kujiajiri, asilimia 15.3, kwa sababu hakuna mwajiri wa kukulipia nusu ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Ndiyo inayowatoa watu machozi mwezi wa nne. Ukiona mwisho wa mwaka utadaiwa dola 1,000 au zaidi, lipa kidogo kidogo: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Risiti, nasema tena.

Anayeuza vitu vyake vya nyumbani ana habari njema. Kigari cha mtoto ulikinunua dola 300, umekiuza 120: hiyo ni hasara, haina kodi, ingawa hasara yenyewe huwezi kuikata popote. Fomu ikikukuta, unaonyesha kwenye ritani kwamba vilikuwa vyako na umeuza kwa hasara. Utathibitishaje kwamba ulilipa 300? Mnajua nitakachosema. Ninyi vijana mnaonunua viatu na kuviuza bei mara mbili, msijifiche humu. Hiyo ni faida.

Na waweka hazina wa michango ya misiba na harusi, mnaopokea pesa za watu kwa PayPal au Venmo: mchango si mapato yako. Lakini mtumaji akiuweka kama malipo ya bidhaa au huduma, unahesabiwa pamoja na mauzo yako. Mwambieni kila mtu achague kutuma kwa ndugu na marafiki. Orodha ya michango iliyoko kwenye kundi la WhatsApp msiifute. Na kama unauza vitu pia, akaunti ya biashara iwe mbali kabisa na ya msiba.

Maswali yaleteni sasa hivi. Mwaka jana kuna aliyenipigia tarehe 14 Aprili saa tano usiku, ana mfuko wa plastiki wa risiti zilizofutika wino. Simu nilipokea, lakini safari hii sipokei.