Jalada la jarida kwa komedi ya mapenzi

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuonyesha kwamba filamu ni ya mapenzi na pia ya kuchekesha bila kujaza jalada mioyo myekundu. Mioyo iache kabisa, imechosha. Kazi hiyo waachie waigizaji wawili: mmoja aitazame kamera kwa macho ya kuomba msaada, mwenzake amkodolee kwa kuudhika huku mabega yao yakigusana. Mvutano na kicheko vitaonekana hapo hapo. Wakikumbatiana na kutabasamu wote wawili, utapata kadi ya harusi.

Piga picha ya wima, kuanzia mapajani kwenda juu, na uache nafasi ya jina la jarida. Nywele zikifunika herufi moja si neno, mradi jina lisomeke. Nyuma weka rangi moja nyangavu. Jina la filamu lizidi vichwa vingine vya habari kwa ukubwa. Vichwa hivyo vingine viwe vitatu tu, vikae pembeni, visiguse nyuso.

Msimbo pau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, utengee kona mapema, maana wengi huukumbuka jalada likiwa limeshajaa. Ukichapisha, picha iwe na nukta 300 kwa inchi.