Usikague daftari, mwambie akusimulie

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chekechea hapa Tanga nilikuwa na mtoto wa Makorora aliyejua kuimba herufi zote, toka a mpaka z, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mama yake alimleta kwa baiskeli, naye yuko juu ya keria anaimba. Siku moja nikaandika m ubaoni nikamuuliza, "Hii ni nini, baba?" Akanyamaza. Midomo ikaanza kucheza taratibu: anaimba kimoyomoyo toka mwanzo, anaitafuta. Akaipita m, akafika z, akanitazama kama mimi ndiye niliyeipoteza.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa wimbo wa majina ya herufi, na jina la herufi halisomi neno. Kinachosoma ni sauti: mmm, ukiikutanisha na a, unapata ma.

Kila Januari wazazi huniuliza mtoto wa awali anatakiwa ajue nini kabla hajaingia darasa la kwanza. Ni swali zuri, ila nyuma yake huwa kuna daftari. Mzazi analipekua, akikuta kurasa tupu anaona ada yake imeliwa. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Mwanangu wa mwisho nilimpeleka shule moja ya Kiingereza, ada ya kukopa. Kila jioni daftari limejaa, mwandiko safi, vema nyekundu mpaka chini. Nikamuuliza, "Hapa umeandika nini, mwanangu?" Akasema, "Sijui, mwalimu ndiye aliandika."

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu anayeishi Marekani. Binti yake alianza chekechea kwenye shule wanazoziita za klasiki. Jina lilinitisha, nikadhani watoto wa miaka mitano wanakalishwa kusoma Kilatini. Kumbe Kilatini huja baadaye, mara nyingi darasa la tatu au la nne. Mfumo wenyewe una ngazi tatu zilizotoka Ulaya ya zamani: sarufi, mantiki na balagha. Kwanza mtoto akusanye vitu kichwani, halafu ajue kuvipambanua na kuvijengea hoja, mwisho aseme kwa ufasaha. Chekechea wako mlangoni mwa ile ya kwanza.

Basi mdogo wangu akanipigia video. Mtoto kasimama wima, mikono nyuma, anatoa shairi zima bila kusita. Nikacheka, maana ndivyo bibi yangu alivyotusimamisha barazani Ngamiani. Nikamuuliza shuleni wanafanya nini kingine. Wanasikiliza hadithi na kuzirudia kwa maneno yao, wanahesabu hadi mia, wanatoka nje kutazama majani na wadudu na kuchora walichokiona. Na sauti za herufi, kila siku sauti, kwa sababu Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake zinafika kama 44, na hiyo a peke yake ina sauti kadhaa.

Sisi tumepewa nafuu. Irabu tano, kila moja na sauti yake, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu na ma, me, mi, mo, mu tayari anasoma mama, baba, bibi na babu, nusu ya ukoo kwa herufi tano tu. Waliopita chuo cha Kurani wanakumbuka: ba, bi, bu, tunapokezana na maalim mpaka koo linakauka. Njia ilikuwa sahihi. Bakora ndiyo haikuwa sahihi, na kutoelezwa maana.

Hapo kwenye maana ndipo watu hunijia juu nikisema watoto wakariri. "Mwalimu, si watakuwa kasuku?" Dorothy Sayers, mwandishi wa Uingereza ambaye wenye shule hizi huirejea sana hotuba yake ya Oxford ya mwaka 1947, aliuita umri huo umri wa kasuku, na hakuwa anatukana. Mtoto mdogo anapenda kurudia. Ukimnyima cha kurudia atarudia matangazo ya redio. Na Tanga hii aliyozaliwa Shaaban Robert, kule Vibambani mwaka 1909, mtoto amalize chekechea bila ubeti mmoja wa Kiswahili kichwani? Mimi naona aibu.

Darasani kwangu tunaanza na vya kuchekesha. "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata." Wakishaisema mara tatu bila ulimi kugongana, naandika ka na ta ubaoni, na hapo sihitaji kueleza sana. Siku za juma nazo zinajihesabu zenyewe, mosi, pili, tatu, nne, tano, mpaka mtoto mmoja aulize mbona Alhamisi imekataa kupanga foleni.

Kinachomtoa mtoto kwenye ukasuku ni kusimulia. Nikimaliza hadithi ya Sungura na Fisi sitoi zoezi. Namwita mmoja mbele, "Haya, tusimulie wewe." Juzi binti mmoja kampandisha fisi daladala la Pongwe, fisi kakosa nauli, konda kamshusha. Sikumsahihisha. Mpangilio ulikuwa kamili: nini kilitangulia, kipi kikafuata, kwa nini fisi alilala njaa. Atakayeweza hivyo hatanisumbua kwenye insha.

Mikono nayo ina zamu yake. Kabla ya penseli nawapa miyaa ya kusukia mikeka wasuke ukili, hata ukiwa umepinda, na mchanga wa kuchorea herufi kwa kidole. Vidole vikipata nguvu, penseli haivunjiki na mtoto halii. Kuhesabu tunatumia kete na mbegu za ubuyu, ingawa mbegu hupungua kila siku na sijampata mwizi.

Na bahari ipo bure. Niliwapeleka Raskazoni maji yamekupwa, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, bahari wameipeleka wapi?" Wiki mbili tukawa tunaulizana habari za kupwa na kujaa, na mwezi, na kwa nini ngalawa imelala ubavu. Hakuna kilichoandikwa kwenye daftari lolote.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akirudi, mpe maji anywe kwanza, kisha mwambie, "Haya, nisimulie." Akikosea, muache. Akikariri ubeti, msikilize mpaka mwisho hata kama mchuzi unaungua, kesho muulize neno moja la ndani yake lina maana gani. Dakika kumi zinatosha. Na daftari likiwa jeupe mpaka mwezi wa tano, njoo tuzungumze kabla hujamhamisha.

Yule wa Makorora nilianza naye upya, mmm na a. Mwezi wa nane mama yake alikuja asubuhi, hata baiskeli hajaiegesha. Njiani, anasema, kasikia mtu nyuma yake kwenye keria anatamka kidogokidogo. Mtoto alikuwa anasoma kanga mgongoni mwake: "Na-ni. Ka-ma. Ma-ma."