Maswali yenu ya kamba wa baharini: jani la ndizi, binyebwa (mchuzi wa karanga) na waini ya kuteremshia

Hao kamba wa kwenye friza hapa Kampala ni wa kuamini kweli? (Ntinda)
Ndio dada, bahari iko mbali na sisi kwa hiyo bora walioganda vizuri kuliko anayeitwa freshi na amekaa juani. Angalia paketi, ukiona theluji nyingi ndani na kamba wameshikana donge moja jua waliyeyuka njiani wakagandishwa tena, waache hapo hapo. Wabichi kwa kawaida wana rangi ya kijivu, wa pinki mara nyingi wameshapikwa. Wayeyushe kwenye friji usiku kucha, maji ya moto hapana. Na ukifungua ukasikia harufu kali kama ya mkojo, tupa.

Kila nikiwapika wanakuwa wagumu kama raba, nakosea wapi? (Jinja)
Unawapika muda mrefu. Wakubwa wanataka dakika mbili tatu tu kwenye kikaango cha moto sana, na uwapanguse maji kwanza, la sivyo watachemka badala ya kukaanga. Mkia ukijikunja nusu duara na nyama ikawa nyeupe isiyopitisha mwanga, epua. Ukimuona amejikunja mpaka kichwa kinagusa mkia ameshapita. Maganda usitupe jamani, yakaange na kitunguu, tia maji, chemsha dakika 20, chuja, hiyo supu ndo utamu wote wa mchuzi.

Naweza kufanya luwombo ya kamba? (Masaka)
Unaweza, luwombo ni mchuzi unaofungwa kwenye jani la ndizi na kupikwa kwa mvuke, na kwangu mimi hiki ndo chakula cha kumpikia mgeni wa heshima. Ila usifanye kama ya kuku inayokaa kwenye mvuke masaa, kamba watakufia humo. Pika binyebwa kwanza peke yake na nyanya, kitunguu na ile supu ya maganda mpaka iwe nzito na mafuta yaanze kuonekana juu. Babua jani motoni lilainike, ukiona linang'aa na kijani kinakolea liko tayari, lilaze kwenye bakuli, mimina mchuzi, kamba wabichi waingie mwisho kabisa, funga vifurushi vidogo vidogo, mvuke dakika kumi na mbili hivi. Fungulia mezani, ule moshi wa jani usipotelee jikoni.

Waini gani sasa? Mzee wangu anataka nyekundu tu. (Entebbe)
Mama, fuata mchuzi, usimfuate kamba. Wa ndimu na kitunguu saumu wanataka waini nyeupe ya Sauvignon Blanc, ina ukali wake wa ndimu. Luwombo ya binyebwa au mchuzi wa nazi ni mzito, hapo Chenin Blanc, nyeupe pia, ya Afrika Kusini, supamaketi inapatikana na bei si mbaya. Pilipili ikiwa nyingi chukua yenye utamu kidogo na kilevi cha chini, maana kilevi kinazidisha moto mdomoni. Nyekundu nzito ikikutana na kamba inaacha ladha ya chuma, mzee muwekee kwa ajili ya nyama choma, ama akikazana basi iwe nyepesi kama Pinot Noir, tena ya baridi.

Sisi hatunywi pombe, tuteremshie na nini? (Bombo)
Kinachotakiwa ni uchachu na baridi. Juisi ya pasheni yenye sukari kidogo sana, au ukwaju na tangawizi. Soda tamu zinamfunika kamba kabisa.