Kikao kimejaa watu, mawazo ya mmoja

SWALI: Shikamoo Anti. Mi supavaiza karakana ya fanicha Mwanza, tuko sita, nikiitisha kikao fundi mkuu ndo anaongea, wengine wanaitikia tu "sawa bosi". Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Gawa karatasi kabla mtu hajafungua mdomo, kuna njia ya Mjerumani Bernd Rohrbach ya 1968, watu 6 kila mmoja anaandika mawazo 3 kwa dakika 5 halafu anampasia jirani aongezee, mkizunguka mara 6 nusu saa mna mawazo 108, yakifanana mengine poa tu. Hapo hata dogo mwoga anasikika, na huyo ndo ananiuma mimi, maana anashinda na randa kutwa nzima na hamna anayemuuliza. Fundi mkuu afundishe kazi, ila kwenye kikao dogo naye aandike la kwake mwenyewe.