Bilali hakuwa na kithembe, na maswali mengine

Nusu ya maswali niliyopokea safari hii ni lile lile moja. Naanza nalo, tupumue.

Ni kweli Bilali, mwadhini wa Mtume (s.a.w.), alikuwa akitamka "as-hadu" badala ya "ash-hadu", watu wakamzuia kuadhini, na alfajiri ikakataa kuingia? (Tanga, Mombasa, Bujumbura, na wengine)

Si kweli. Nimeshajibu mara tatu. Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani na mwanahistoria, amesema habari hiyo haina asili, na yeye si mtu wa mtaani. Hata bila Ibn Kathir, tufikiri kidogo. Abdullah bin Zayd alipooteshwa maneno ya adhana, Mtume (s.a.w.) alimwambia amfundishe Bilali kwa kuwa sauti yake ni bora kuliko ya Abdullah. Mtu achaguliwe kwa sauti yake, kisha aivuruge shahada kila sala, na Madina nzima inyamaze? Wale wanafiki waliomcheka Abu Aqil kwa kutoa sadaka ya nusu pishi ya tende wangeliachia hilo lipite?

Linaloniuma ni jingine. Bilali alizaliwa na kukulia Arabuni. Kisa hiki kinamfanya Mhabeshi asiyejua kutamka, halafu kinatutaka tumwonee huruma, nasi weusi wenzake ndio wa kwanza kukisambaza kwenye simu zetu. Kile cha kweli kina upungufu gani? Bwana wake Umayya bin Khalaf anamlaza juani, jiwe kubwa kifuani, naye anasema "Ahad, Ahad". Mwaka wa 8 Hijria Makka inafunguliwa, na anayepanda juu ya Al-Kaaba kuadhini ni yeye.

Umar alimzika bintiye akiwa hai kabla ya kusilimu? Mhadhiri wetu alisimulia hadi watu wakalia.

Kulia si ushahidi. Hafsa, ambaye kwake Umar aliitwa Abu Hafs, alizaliwa miaka mitano kabla ya utume, akakua, akaolewa, kisha akawa mke wa Mtume (s.a.w.). Mbona huyo hakuzikwa? Desturi yenyewe ilikuwepo kwa baadhi ya makabila, na Suratut Takwir imeitaja. Kumbandika Umar bila mapokezi sahihi ni jambo jingine.

Nitajie wale kumi waliobashiriwa pepo.

Abu Bakr, Umar, Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Abdurrahman bin Auf, Saad bin Abi Waqqas, Said bin Zayd na Abu Ubayda. Mwanao wa madrasa alikuwa anakujibu.

Nina duka la jumla. Imamu wetu kila Ijumaa ananitazama huku akisimulia Thaalaba aliyetajirika akanyima zaka, na Abdurrahman bin Auf atakayeingia peponi akitambaa kwa mali yake. Je, niuze duka?

Usiuze. Kisa cha Thaalaba bin Hatib kina mpokezi aitwaye Ali bin Yazid al-Alhani, na wanahadithi wamemdhoofisha. Thaalaba mwenyewe anahesabiwa katika watu wa Badri, yaani waliopigana vita vya Badri pamoja na Mtume (s.a.w.). Kisa kinadai alitubu akaleta zaka yake, ikakataliwa na Mtume na makhalifa mpaka akafa. Mlango wa toba uko wazi kwa mshirikina, ufungwe kwa mtu wa Badri? Aya ya 75 ya Suratut Tauba, ambayo kisa hiki hutundikwa juu yake, ni ya kweli na inatisha vya kutosha. Haihitaji kumchafulia mtu jina.

Ile ya kutambaa Imamu Ahmad ameiita uongo.

Basi msimulie imamu wako iliyomo katika hadithi za Bukhari. Abdurrahman amefika Madina mikono mitupu, ameungwa udugu na Saad bin Rabii. Saad anamwambia chukua nusu ya mali yangu. Abdurrahman anamwombea baraka, kisha anauliza: soko liko wapi? Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akarudi na faida ya jibini na samli. Haukupita muda akaoa, na Mtume (s.a.w.) akamwambia afanye walima hata kwa mbuzi mmoja. Ufukara wa watu wa Suffa, maskini waliokaa katika msikiti wa Mtume, ulikuwa mtihani wao, na mali ilikuwa mtihani wa Abdurrahman. Ila kwa kuwa umeuliza kuhusu duka: zaka yako unaihesabu, au unakisia? Na mizani yako ikoje?

Maswahaba waliohamia Habasha (Ethiopia) walifika pwani yetu?

Hakuna ithibati. Walivuka Bahari ya Shamu, wakakaa kwa Najashi, mfalme wa Habasha, na Jaafar bin Abi Talib na wenzake wakarudi mwaka wa 7 Hijria, wakati wa vita vya Khaybar. Msikiti wa kale uliofukuliwa Shanga, visiwa vya Lamu, ni wa karne ya 8 Miladia kuelekea mwisho, na swahaba wa mwisho alikwisha kufa. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Uislamu wetu ni wa kale bila kuchonga makaburi ya maswahaba. Najashi naye si swahaba: alisilimu lakini hakuonana na Mtume (s.a.w.), ingawa Mtume alimsalia sala ya maiti akiwa mbali.

Mume wangu asema wake wa maswahaba hawakutoka nyumbani wala kufanya kazi.

Muulize kuhusu Umm Atiyya, aliyetoka katika vita saba akiwapikia wapiganaji na kuwatibu majeruhi. Kisha Zaynab, mke wa Abdullah bin Masud: yeye ndiye aliyekuwa akimtunza mumewe na mayatima kwa mali yake. Alipotaka kujua kama hiyo ni sadaka, Bilali akampelekea swali kwa Mtume (s.a.w.), na jibu likawa ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Dada yangu, msomee mumeo kwa upole, na baada ya chakula.

Katika Siffin, vita kati ya Ali na Muawiya, nani alikosea?

Sijibu kwa ujumbe wa simu. Wenye elimu wameliandikia kwa adabu, nawe unataka mstari mmoja wa kumpigia jirani. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana maswahaba wake, na amesema tukitoa dhahabu kama mlima Uhud hatufikii kibaba cha mmoja wao.

Mtoto nimwite Abu Bakr au Abubakari?

Yote mamoja. Ila usimwandike hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile shuleni, utakuja kunitafuta siku ya pasipoti.