Bima imesema hapana, sasa niuze gari?

MASWALI YENU KUHUSU BIMA NA MATIBABU UGHAIBUNI

Anti shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Morogoro ila nimekulia huku Minnesota, nafanya kazi ghalani na bima yangu ni ya kazini. Mimi ni transi, yani nilipozaliwa niliitwa binti lakini ni mwanaume, naishi hivyo mwaka wa nne sasa na homoni natumia mwaka wa pili. Nilipangiwa operesheni ya kutoa matiti mwezi wa tisa. Wiki iliyopita imekuja barua ya bima imeandikwa huduma "si ya lazima kitabibu", basi, nikakaa kwenye gari pale parking nikalia kama mtoto. Kila siku nafunga kifua na ile nguo ya kubana, masaa kumi ghalani na joto lile la mwezi wa saba, mbavu zinauma mpaka napumua nusunusu. Klinikini wanasema nikilipa mwenyewe ni kama dola 11,000. Wenzangu wananiambia niuze gari na nifungue mchango, wengine eti nitafute wakili. Naishi na mama na hajui kitu. Nifanyeje?
Msomaji, Minneapolis

Marahaba mwanangu, na pole sana. Gari usiuze, na mchango usifungue kwanza.

Mimi nilikaa miaka tisa kwenye ofisi ya bili ya hospitali moja, kazi yangu ilikuwa kujibizana na barua kama hiyo yako kutwa nzima, kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua: hapana za bima ziko za aina mbili na watu wengi wanazichanganya. Kuna hapana ya "huduma hii haimo kabisa kwenye mpango wetu", hiyo ni ngumu. Afu kuna hapana ya "si ya lazima kitabibu", ambayo manake huduma imo, wanalipia watu wengine, ila kwa karatasi walizopewa hawajaona kwa nini wakulipie wewe. Yako ni hii ya pili. Hapo unabishania karatasi, na karatasi zinarekebishika.

Kwa hiyo kabla hujaandika rufaa, piga simu bima uombe faili lako lote la hayo maombi, pamoja na masharti waliyotumia kukukatalia. Ni haki yako na ni bure. Faili likija angalia namba ya operesheni ambayo klinik iliandika. Naomba uitazame kwa macho yako mwenyewe usiseme wao ndo wanajua. Kutoa matiti ni 19303. Kupunguza matiti ni 19318. Nimeona kijana wa watu kakataliwa mara mbili, tumekaa naye mezani kwangu na kalamu ya kuwekea rangi tunapitia ukurasa kwa ukurasa, kumbe mtu wa klinik aliandika 19318, na bima ikampima kwa kanuni za wanawake wanaopunguza matiti sababu ya mgongo kuuma, wanahesabu gramu za nyama zitakazotolewa kulingana na ukubwa wa mwili! Gramu zake hazikutosha wakasema si lazima. Hakuna mtu yeyote pale bima aliyekuwa ameamua lolote kuhusu yeye kuwa mwanaume. Namba ikabadilishwa, na namba ya utambuzi wa daktari, F64.0, ikawekwa mahali pake, kibali kikatoka. Kama daktari atajenga na chuchu upya hiyo ina namba yake, 19350, nayo iombewe kibali mapema, usije ukaletewa bili yake peke yake baadaye.

Cha pili ni barua ya terapista. Kwanza majina. Kama terapista kaandika jina lako la sasa tu na kadi ya bima bado ina jina la zamani, barua inaweza kukaa kwenye faksi bila mwenyewe, wanasema hawajapokea kitu. Mwambie aandike yote mawili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi. Afu isiwe barua ya mistari minne ya "namuunga mkono mteja wangu". Miongozo ambayo bima nyingi zinaiangalia ni ya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transi, toleo la 8 lilitoka 2022, na kwa watu wazima linataka barua moja ya mtaalamu aliyekufanyia tathmini. Barua ioneshe hali yako ni ya muda mrefu, unaelewa operesheni inafanya nini na haifanyi nini, kama una sonono au kitu kingine kiko kwenye matibabu, na maisha yako ya kila siku yanaumiaje bila operesheni. Hizo mbavu, mwanangu, ziandikwe! Kama hujawahi kumwambia daktari wako wa kawaida kwamba unapumua nusunusu nenda kamwambie wiki hii iingie kwenye faili, manake maumivu ambayo hayajaandikwa popote bima hawawezi kuyahesabu.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui kabisa. Kadi yako ina jina la kampuni ya bima lakini si lazima hao ndo wanaolipa. Kampuni nyingi kubwa zenye maghala zinalipa matibabu ya wafanyakazi kwa hela zao wenyewe, na ile bima inashughulikia makaratasi tu. Waulize watu wa HR swali moja: mwajiri ndo anabeba gharama au kampuni ya bima? Kama ni bima inayobeba, na mpango ni wa Minnesota, sheria za jimbo zinakulinda, na Minnesota ina sheria ya 2024 inayozitaka bima zilipie matibabu ya kuthibitisha jinsia pale ambapo ni ya lazima kitabibu. Kama ni mwajiri, basi uko chini ya sheria ya shirikisho ya 1974 inayoitwa ERISA, na sheria hiyo ya jimbo haimgusi, ila hapo mwajiri mwenyewe ndo mwenye neno kuhusu kilichomo na kisichomo. Omba kwa maandishi kile kijitabu cha mpango wanachokiita SPD, wanatakiwa wakupe ndani ya siku 30, na usome sehemu ya huduma zisizolipiwa neno kwa neno.

Muda: una siku 180 tangu upate barua kukata rufaa ya ndani, lakini wewe una tarehe mwezi wa tisa kwa hiyo usikae nazo. Kwa operesheni ambayo haijafanyika wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wakati huohuo mwambie daktari wa operesheni aombe kuongea kwa simu na daktari wa bima, daktari kwa daktari, dakika kumi tu, nimeona kesi zikiisha hapohapo kabla hata rufaa haijafika. Ukikataliwa tena una miezi minne ya kuomba mapitio ya nje, yani kesi inapelekwa kwa wakaguzi wasio wa bima wala wa mwajiri, wana siku 45, ada haizidi dola 25, na wakisema bima ilipe bima inalipa. Wakili mtunzie hatua ya baada ya hapo. Na kila ukipiga simu andika tarehe, saa, jina la uliyeongea naye na namba ya simu yenyewe maana kila simu wanaipa namba. Tumia daftari, usitegemee kichwa.

Na mama. Sitakwambia umwambie wala usimwambie, hilo ni lako. Ila ujue kila operesheni, kila kipimo, bima inatuma nyumbani karatasi ya maelezo ya malipo ikitaja huduma, na kwenye nyumba zetu bahasha anafungua aliyewahi. Unaweza kuwaomba bima kwa maandishi wakutumie kwenye anwani nyingine au kwenye akaunti yako ya mtandaoni tu. Waeleze kwamba karatasi hizo zikifika nyumbani zinaweza kukuletea hatari, ukiandika hivyo wanatakiwa kukubali. Fanya hilo leo kabla ya mengine yote, ili siku mama akijua ajue kwa mdomo wako.

◆

Anti, mimi ni mwanamke transi, kwetu Mombasa, naishi Seattle. Daktari wa operesheni ya chini, yani ya sehemu za siri, anataka kwanza nitolewe nywele kwa umeme, bima wanasema huo ni urembo. Halafu barua za wataalamu ni moja au mbili? Kila mtu ananiambia lake.
Msomaji, Seattle

Barua: toleo la 7 la ile miongozo ya WPATH lilitaka mbili kwa operesheni ya chini, toleo la 8 linataka moja, na kuna bima ambazo bado hazijabadilisha masharti yao ndo maana kila mtu anakwambia lake na wote hawadanganyi. Fuata masharti ya bima yako. Yakisema mbili peleka mbili, kubishana na hilo utapoteza miezi wakati barua ya pili ni apointimenti moja.

Nywele sasa. Huo si urembo hata kidogo na imeniudhi kusoma. Ngozi ya sehemu za siri inayotolewa nywele ndo inayogeuzwa kuwa ukuta wa ndani wa uke, ikiingia na nywele zitaota humohumo mahali ambapo hakuna mtu atazifikia tena vizuri, zinaleta uchafu na maambukizi. Daktari wako wa operesheni aandike hivyohivyo, kwamba ni maandalizi ya operesheni na ataje sehemu ya ngozi, na namba ni 17380. Na wewe uko jimbo la Washington, ambako tangu 1 Januari 2022 sheria inazikataza bima zilizo chini ya jimbo, pamoja na Apple Health, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kukataa matibabu ya kuthibitisha jinsia kwa kisingizio cha urembo, na kukataa kokote lazima kupitiwe na mtaalamu mwenye uzoefu wa matibabu haya. Waulize kwa maandishi ni nani aliyepitia yako na uzoefu wake ni upi.

Tatizo litakalobaki ni kwamba watoa nywele wengi hawapokei bima. Waambie bima wakupe majina ya walio kwenye netiwaki yao karibu na wewe, wakishindwa omba mkataba maalum wa kumlipa huyo uliyempata hata kama hayumo, upate kibali mkononi kabla ya siku ya kwanza, na risiti ziwe na tarehe, namba ya huduma na dakika ulizokaa. Anza mapema, manake kumaliza nywele zote kunaweza kuchukua mwaka mzima.